Majira ya Nani

Besançon, mwezi Januari.
Mto Doubs umeganda kingoni tu,
katikati maji yangali yakienda zao.

Chini, duka la Huguette Pernot, fundi saa:
jicho lake la kulia limezoea lenzi
hata likiwa tupu hukunja kope.
Juu, Anselme Jeannerot, miaka sabini na tisa,
mwalimu wa falsafa aliyebakiwa na wasikilizaji wawili,
paka, na bomba la maji linalogonga usiku.

Leo ameshuka, saa kiganjani.
"Imeharibika?"
"Imesimama. Saa tano na dakika saba."
"Lete niifungue."
"Ngoja. Kwanza uone kwamba mimi sikusimama nayo."

Huguette akavuta stuli kwa mguu.
Anamjua: akianza, supu hupoa.

"Unaishi kwa sekunde, Huguette. Nionyeshe moja.
Tazama mezani pako: skrubu, kibano, kichupa cha mafuta,
vimelala ubavu kwa ubavu na havijuani.
Ondoa skrubu, kibano hakiulizi imekwenda wapi.
Siku zangu haziko hivyo.
Ondoa alasiri moja tu,
ile mama akimenya viazi, redio ikikoroma,
nami chini ya meza nikitafuna maganda,
na hata sauti hii unayoisikia itabadilika.
Jana haikupita. Imeingia.
Wenzangu walifundisha kwamba fahamu ni taa
inayomulika vinavyopita njiani.
Mimi nasema ni hamira:
huioni ikifanya kazi,
na mkate ukishaumuka
nenda ukaitoe, kama unaweza."

Saa za ukutani, arobaini na mbili,
kila moja na ukaidi wake,
zikagonga saa tisa kwa karibu dakika nzima.

"Sekunde nimeziona," Huguette akasema.
"Usiku wa Léonce.
Nilihesabu baina ya pumzi na pumzi.
Sita. Kumi na moja. Kumi na tisa.
Moja moja, Bwana Jeannerot, kama skrubu.
Hazikuumuka.
Kisha pumzi haikuja, nami nikaendelea kuhesabu,
kwa kuwa hakuna aliyeniambia niache."

Mzee alifungua kinywa. Akakifunga.
Vitabu vinne alivyoandika
havikuwa na ukurasa wa kuweka hapo.

Mimi ninayesimulia nimelelewa na silabi moja, me:
amekaa, amelala, amesimama;
tendo limekwisha na halijaondoka.
Hatukimbilii kusema alikufa.
Tunasema amekufa,
na neno hilo hukaa mlangoni
pamoja na viatu vyake.
Ningekuwepo dukani ningewapa silabi hiyo wagawane,
huyu aliyesema jana imeingia,
na huyu ambaye jana yake haijamaliza kuingia.
Sikuwepo.

Huguette aliichukua saa.
Hakuifungua. Aliifumbata tu,
kama umfumbatavyo kifaranga aliyeloa.
"Chumba chako kina baridi," alisema. "Mafuta yameganda.
Umeishiwa na kuni?"
Mzee akaangalia ncha za viatu vyake.

Wakakaa.
Supu huko nyuma ilikuwa imekwisha kufanya utando.
Halafu ndani ya ngumi ya yule mwanamke
kitu kikaanza kugonga, kidogo kidogo, kwa haya,
na wote wawili wakainamisha vichwa
juu ya mkono mmoja.

Aliishika taji kwa ncha za vidole.
"Niitie majira?"

Ilikuwa nyuma kwa saa nne kasoro.
"Ya nani?" mzee akauliza,
na safari hii alitaka jibu.